Safu ya Masaa Manne

Alhamisi, 6 Machi

Mkojo kumi na nne, makohozi matatu, usaha mmoja. Ndanu, msaidizi wangu, amechelewa dakika kumi. Nimemwambia.

Chupa ya damu ya Syombua, yule mama anayeuza parachichi soko la Nunguni. Alichomwa mwiba chini ya goti, mguu ukavimba, homa ikamlaza. Jana chupa ilionyesha kuna kitu, Ndanu akakipanda kwenye sahani. Leo nimeweka chini ya darubini. Vidoa vya zambarau vimekwamana. Vitabu vinasema ni kama zabibu. Mimi zabibu nimeziona kwenye sanduku la juisi tu. Nasema ni kama mtama. Nikadondoshea dawa, povu likatoka. Basi ni stafilokoka.

Limebaki swali moja. Ni yule mkali, aureus, au ni wale wapole wanaokaa kwenye ngozi ya kila mtu na kuingia chupani kwa bahati mbaya? Vipimo vya haraka viliisha Januari. Tumebaki na plasma ya sungura, yale maji ya damu yake. Ikiganda, ni mkali. Isipoganda, ni wa ngozi. Nimeichanganya na vijidudu, nikaingiza tyubu kwenye inkubeta, lile kabati la joto, saa tatu asubuhi. Ya kusomwa saa saba, kisha kesho asubuhi.

Saa sita nimeenda Emali kuchukua suti. Jumapili nasimikwa mzee wa kanisa. Ndanu aliuliza kama anisomee tyubu. Nikamwambia tyubu yangu naisoma mwenyewe. Suruali ilikuwa inabana kiunoni, fundi akaifumua, nikangoja. Nimerudi saa kumi na moja, maabara imefungwa. Nimepitiliza nyumbani.

Suti ni ya kijivu. Imenikaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Tyubu haijaganda. Maji matupu.

Safu ya "kesho yake" nimejaza: haijaganda. Safu ya "masaa manne" ilikuwa wazi. Nimejaza pia: haijaganda. Maziwa yakishaganda kuwa lala hayarudi kuwa maziwa mabichi, kwa hivyo kama leo ni maji, jana pia ilikuwa maji. Ndivyo nilivyojiambia.

Ripoti imeenda wodini: vijidudu vya ngozi, chupa ilichafuka. Daktari amesimamisha dawa za sindano. Homa imeshuka kidogo. Syombua ataenda nyumbani kesho.

Jumapili, 9 Machi

Nimesimikwa. Mke wangu, Mama Mwende, alilia kwa furaha. Pasta alisema mzee wa kanisa ni mtu wa ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatatu, 10 Machi

Syombua amerudishwa. Mume wake, Muthiani, amemleta kwa bodaboda kutoka kule juu, amemfunga kwake kwa leso asianguke. Goti limekuwa kama papai. Daktari ameanza dawa tena na kuchukua chupa mbili za damu.

Nilipita mlangoni pa wodi kwa shughuli nyingine. Sikuingia.

Jumatano, 12 Machi

Chupa mbili zote zimeota. Ndanu amefanya kila kitu mwenyewe. Saa saba na dakika tano akaniita.

"Mzee, kuja uone. Hii imeganda kabisa."

Aliinamisha tyubu. Haikumwagika. Nilisema vizuri, mpigie Daktari. Mikono yangu nikaitia mfukoni.

Wamebadilisha dawa. Kesho wanafungua goti kutoa usaha.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefika saa kumi na mbili na nusu ili niione kabla ya Ndanu. Nimeinamisha tyubu yake ya jana. Maji matupu. Hata utando hakuna.

Sasa najua. Ni yule aureus anayegandisha plasma mchana na kuiyeyusha usiku. Alhamisi ile saa saba mchana jibu lilikuwa limekaa mle kwenye inkubeta, limeganda, linangoja mtu afungue mlango. Mimi nilikuwa Emali napimwa kiuno.

Na karatasi iko ukutani, juu ya inkubeta, kwa mwandiko wangu mwenyewe, herufi kubwa. ANGALIA BAADA YA MASAA MANNE. WENGINE HUYEYUSHA. Mwaka jana nilimkemea Ndanu mbele ya wanafunzi kwa sababu hiyo hiyo. Nyani haoni kundule.

Ndanu alipoiona, kwanza alifurahi kama mtu aliyesoma kitu kitabuni halafu akakutana nacho. Kisha akafungua rejista, ukurasa wa wiki iliyopita. Akauliza ile ya kwanza ilikuwa aje baada ya masaa manne.

Nilisema si imeandikwa.

Akasoma. Akafunga. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao kwa Daktari. Kwa nini chupa ya kwanza ilisema ngozi na za pili zikasema aureus? Rejista yangu imejazwa safu zote, safi. Kwa hivyo kosa limetafutwa kwingine. Ndanu ndiye aliyepanda ile chupa. Daktari anafikiri aliingiza vijidudu vya mkono wake mwenyewe.

Ndanu hakubisha. Alisema, "Inawezekana. Labda nilikosea, sijui. Pole sana." Akaniangalia nimtetee. Nikaangalia kalenda.

Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Barua ya kumpendekeza ni mimi wa kuandika. Daktari amesema nisiandike kwanza.

Mimi ni mtu wa hovyo. Nimeliandika ili nilione.

Jumapili, 16 Machi

Nimekaa mbele na wazee. Suti ile ile. Nilipitisha sahani ya sadaka, mtu mmoja akaniita mtumishi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mama Mwende aliuliza naumwa wapi. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 17 Machi

Muthiani alinivizia nje ya maabara na debe la ndengu za shambani kwake. Amesikia maabara ndiyo iliyompata mdudu. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Muvea muno, asante sana, Mzee. Bila nyinyi mama watoto angekuwa ameenda."

Nilipokea. Ningekataaje? Nimeliweka debe chini ya meza, miguu yangu inaligusa kila nikikaa.

Ndanu leo amepanda kila sampuli mara mbili. Ananawa mikono hadi ngozi imepauka. Saa tisa nilimkuta stoo analia, akasema ni vumbi.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda kwa Daktari saa mbili, kabla ya chai. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalipotea. Nikasema: sikuisoma. Niliandika kama niliisoma. Ndanu hana kosa.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwa fundi, kuchukua suti. Nilivyolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu, dogo hivyo!

Ameniambia niandike maelezo. Usimamizi wa maabara nimeuacha hadi kamati ikae. Barua ya Ndanu niandike leo leo. Nimeandika kurasa mbili.

Ndanu nilimwambia mwenyewe. Alivua glavu, akaangalia viganja vyake. Halafu: "Siku nne, Mzee. Siku nne nimeona mikono yangu ni michafu." Akarudi kwenye darubini.

Alhamisi, 20 Machi

Leo wodini nimeingia. Daktari alitangulia kueleza, kisha akaniachia. Debe la ndengu nilikuwa nimelibeba. Muthiani alisimama, akatoka nje, ndengu zikabaki mlangoni. Sikumlaumu.

Syombua alikuwa amekaa, mguu umenyooshwa, umefungwa. Goti halitakunjika tena sawasawa. Kutoka shamba lake hadi sokoni ni mteremko kwenda na mlima kurudi, na parachichi mgongoni.

Aliuliza jambo moja tu. "Ungeangalia ile siku, mguu ungepona?"

Nilitaka kusema labda. Labda ni neno la kujificha.

Nikasema ndiyo, naamini ungepona.

Akageukia ukuta. Nilikaa kidogo kwenye kiti cha Muthiani, kisha nikaona hata kukaa pale ni kujipendelea. Nikatoka.

Kwa Pasta nimepiga simu jioni. Nimemwambia yote. Kiti cha mbele kitafutiwe mtu.

Jumanne, 25 Machi

Mvua imeanza. Ndanu amepata mkataba wake. Sasa yeye ndiye anayepanga zamu, na mimi amenipanga mkojo na kinyesi. Sawa.

Mchana alinisogezea rejista, ukurasa wa tarehe sita. Kwa sheria ya maabara, kosa halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja juu yake ili lisomeke bado, unaandika lililo kweli pembeni, unatia sahihi na tarehe. Sheria hiyo nimeifundisha miaka ishirini.

Nimepiga mstari juu ya "haijaganda" ya safu ya masaa manne. Pembeni nimeandika: haikusomwa. Sahihi. Tarehe ya leo.

Ndanu akasaini chini yangu kama shahidi, akafunga kitabu. Kisha akaniambia kuna tyubu yake kwenye inkubeta, inatimiza masaa manne saa tisa na robo, kama naweza kumsomea kwa sababu anaitwa wodini.

Saa tisa na dakika kumi nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa inkubeta, naangalia saa.