Vibuyu vya Yunisi na Uwele Ulioliwa na Ndege

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe kama maneno hayana mpango kwa sababu nimekaa mlangoni na mtoto mchanga mgongoni, na sasa hivi tu mwanangu mkubwa Yunisi ametoa msumari kwenye makaa akautia kwenye kitako cha kibuyu cha maji, kibuyu kizima cha mwisho humu ndani, moshi ukatoka, akapuliza, akachungulia kwa jicho moja, akapitisha uzi akakining'iniza kikawa kinazunguka na upepo, akaniambia, "Mama, sasa kitamwaga kulia au kushoto, hata mimi mwenyewe sitajua." Akacheka. Mshauri, nyumba haina chakula na mtoto anacheka, nikainua mkono nimpige, mkono ukakataa, nikachukua penseli yake nikakuandikia wewe.

Mimi ni mke wa Isaka, yeye yuko kwenye mashamba ya katani huko Kilosa, mimi nakaa kwa wakwe zangu huku Kiomboi, kusoma nilisoma kidogo kwa misheni mpaka nikajua kuandika basi. Yunisi yuko darasa la nne, wasichana waliobaki darasani kwao ni wachache, na mwalimu wao, Mwalimu Chrispin, aliwaambia kila mmoja atengeneze kitu ambacho kimoja kinasukuma kingine, na hicho kinasukuma kingine, mpaka mwisho kazi ifanyike bila mkono wa mtu, maana Bwana Mkaguzi wa shule atakuja kutazama akili za watoto. Wenzake wakapanga magunzi ya mahindi yakaangushana, wakamaliza. Yunisi akasema magunzi yakishaanguka yameanguka, hayana kazi, yeye anataka kitu cha kuamia ndege, kuwafukuza shambani.

Hapo ndipo mimi nilipoingia na tamaa yangu. Kwetu uwele ukianza kuiva mtoto wa nyumba anapanda alfajiri ulingoni, kwenye jukwaa la miti katikati ya shamba, anapiga kelele, anatupa mawe, anavuta kamba zenye makopo mpaka jua lizame, na shule inangoja, kila mwaka Yunisi anarudi darasani wenzake wameshakwenda mbele, analia. Sasa akaniambia, mama, mashine ikikaa ulingoni mimi nitakaa darasani. Nani asingefurahi? Mimi nilifurahi kuliko yeye.

Akaning'iniza vibuyu vitatu kwenye miti, kila kimoja mwisho wa fimbo, upande wa pili wa fimbo jiwe. Juu akaweka chungu chenye tundu dogo, maji yanadondoka tone tone kwenye kibuyu cha kwanza, kikijaa kinainama, kinavuta kamba, makopo ya upande wa korongo yanalia, na maji yake yanamwagikia cha pili, hicho nacho kinainama makopo ya upande wa nyumba yanalia, kinamwagia cha tatu, makopo ya upande wa njia yanalia, halafu vyote vinainuka vyenyewe vinaanza upya. Kamba ni za katani alizoleta baba yake. Mshauri, siku ya kwanza ndege walipanda juu kama vumbi la kimbunga, mama mkwe mwenyewe aliacha jembe akapiga kigelegele, majirani wakaja kutazama, wakaanza kuniita Mama Injinia. Mimi nikawa nachota maji kisimani mara mbili, mara moja ya nyumba na mara moja ya mashine, mgongo unauma nami naimba.

Baba mkwe, Mzee Manase, alitazama akasema neno moja tu. "Ndege anaogopa mtoto kwa sababu mtoto hana akili, hujui atatupa jiwe wapi. Hiki kitu kina akili sana." Hatukumsikiliza.

Kwa siku kadhaa shamba lilikuwa zima. Halafu wale ndege, kweleakwelea, wakajua zamu. Nakwambia walijua, kama watu wanaojua ngoma, makopo ya korongo yakilia wanahamia upande wa nyumba, ya nyumba yakilia wanahamia njiani, ya njiani yakilia wanarudi korongoni, hata hawaendi mbali, wanaruka kama wanasogeleana kwenye benchi. Mimi nilikuwa nyumbani nasikia makopo yanalia vizuri, nikasema moyoni mashine inafanya kazi, na kweli ilikuwa inafanya kazi, haikukosa hata mara moja. Tulipokwenda kutazama tukakuta masuke yamesimama matupu kama vidole. Kilichobaki ni pembeni kidogo na mtama haujakomaa.

Mama mkwe alikaa chini palepale shambani. Mzee hakupiga mtu, hakutukana, ningefurahi angetukana. Alifungua kamba zote akaenda kufungia boma la ng'ombe, jioni akaniletea neno kupitia mama mkwe, maana mimi sisemi naye uso kwa uso, kwetu mke wa mwana hasemi hivyo na baba mkwe. Neno lenyewe ni kwamba Yunisi shule imekwisha, atakwenda Ilongero kwa wifi yangu Selina, amejifungua, atambebea mtoto, na atakula huko. Mama mkwe alipomaliza kusema akaongeza la kwake, "Na wewe, Mama Injinia, usinililie mimi, nenda kawalilie ndege."

Hata watoto kisimani wananicheka, wanapiga makopo nikipita. Hilo nalimeza. Lisilomezeka ni Yunisi. Tangu siku ile hajalia, anakaa na vibuyu, ananiambia, "Mama, mashine ilikuwa mwaminifu mno, ndege hawamwogopi mtu mwaminifu," na anatoboa, anafunga, anasema akimwonyesha Bwana Mkaguzi hii mpya babu ataona. Hajui kwamba anaondoka. Sijamwambia. Mwalimu Chrispin alipita hapa akasema kitu cha Yunisi ndicho atakachokitanguliza siku hiyo na kwamba mtoto kama huyu anaweza kupata nafasi shule ya bweni ya wasichana, nikamwitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, nikijua hatakuwepo.

Nimewaza nimchukue usiku nikimbilie kwetu Mwankoko, lakini nikiacha nyumba ya watu baba yangu ataulizwa ng'ombe za mahari, nazo zilishatoka, ndizo alizoolea kaka yangu. Nimewaza nimwandikie Isaka, naogopa atasema kama baba yake. Nimewaza ninyamaze tu niwe mkwe mwema, mtoto aende, abebe mtoto wa watu, akikua kidogo aolewe hukohuko, na awe kama mimi ambaye neno moja la Kizungu silijui. Lakini kila nikinyamaza naona lile jicho lake moja kwenye tundu la kibuyu. Na njaa ni ya kweli, mshauri, sisemi mzee ni mbaya, mzee mwenyewe anakula mara moja kwa siku na hiyo nusu anamwachia mjukuu. Ningejua pa kumkasirikia ningekasirika. Naomba uniambie mama mwenye akili angefanya nini, nimwachie aende au nisimame mlangoni niseme hapana, na kama ni kusema hapana nitasema kwa mdomo gani, maana mdomo wangu haufiki kwa mzee, na kama nikinyamaza Yunisi atakapouliza mama ulikuwa wapi nitamjibu ni

naitwa, mama mkwe anaita, anasema Selina ameshafika yuko uani, na Yunisi afungiwe nguo zake, mbona walisema baada ya mavuno ya mtama, mshauri, nakuja mama, nakuja, nakuomba tu uniambie kama

*

Mama Yunisi,

Barua yako haikumalizika, na bahasha haina mwandiko wako. Imeandikwa kwa herufi za duara, za mtoto wa shule, na muhuri wa posta ni wa Singida mjini, si wa Kiomboi. Basi nadhani tunajua wote wawili nani aliyeitia posta, na alikuwa njiani kwenda wapi. Ulichomficha mwanao amekisoma. Pole sana, mama. Nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimeiweka chini kwanza ndipo nikaweza kushika kalamu.

Sasa nisikilize, maana huruma yangu haitakujazia ghala.

Umefanya kosa, na si lile unalolililia. Kumpeleka mtoto shule si kosa, wala kufurahi si kosa. Kosa ni kuweka chakula chote cha nyumba mikononi mwa kitu kilichokuwa bado kinajaribiwa. Kitu kipya hujaribiwa pembeni mwa shamba. Pembe ile ungempa Yunisi na vibuyu vyake, na pembe zilizobaki ungepanda ulingoni wewe mwenyewe, na mtoto mchanga mgongoni. Ulikaa nyumbani ukasikia makopo ukaridhika. Mtoto wa darasa la nne halaumiwi kwa kutojua ndege. Wewe mtu mzima ulikuwa na macho, na shamba lilikuwa hapo mbele yako.

La pili. Mzee Manase umemwelewa nusu tu. Hamwadhibu Yunisi, anapunguza mdomo mmoja nyumbani, na mdomo huo ameupeleka kwenye chakula. Neno la shule kwisha nadhani limetoka kwenye uchungu, na neno la uchungu linaweza kurudishwa likiombwa vizuri. Neno la kwamba ale Ilongero halirudishwi, usiliguse. Mpaka mavuno ya mwaka kesho Yunisi atakaa huko. Siku ya mkaguzi imempita. Usimwambie kwamba bado ipo, amechoka kufichwa.

Kukimbilia Mwankoko futa kabisa. Utavunja nyumba tatu, yako, ya baba yako na ya kaka yako, na huko nako mwaka huu watu wanahesabu punje.

Utakachofanya ni hiki. Nenda kwa Mwalimu Chrispin kwa miguu yako, acha kuitikia ndiyo mwalimu, mweleze yote, hata habari za ndege, umwombe barua ya uhamisho ili Yunisi apokewe shule iliyo karibu na kwa wifi yako. Mwambie pia aandike humo kile mtoto alichokigundua, kwamba kelele za zamu moja ndege huzizoea. Mkaguzi anaweza kulisoma neno hilo hata mtoto asipokuwepo. Mwandikie Isaka leo. Unaogopa atasema kama baba yake, lakini hujamwuliza, na mtu anayekata katani jua lote kwa ajili ya watoto wake ana haki ya kuulizwa. Yeye ndiye mdomo unaofika kwa mzee. Na Selina umwombe asubuhi tu za Yunisi kwenda shule, mchana na jioni zote ziwe za Selina. Mzazi mpya akiombwa kwa adabu anaweza kukubali, akiamriwa hakubali. Hakuna hakika. Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya kama ulivyomdanganya mwalimu.

Lakini haya yote hayatasimama bila mama mkwe, maana yeye ndiye njia yako ya kila siku kwa mzee, na yeye ndiye aliyekaa chini shambani. Usimwendee ukilia, ameshakukataza. Mngoje asubuhi mtakapokuwa mnatwanga kinu kimoja, hata kama cha kutwanga ni kidogo, kwa sababu hapo wanawake wawili hawatazamani usoni na mikono ina kazi. Sema taratibu, kati ya mchi wake na wako: mama, mwakani ulingoni nitapanda mimi. Usiongeze kitu. Twanga, umngoje yeye aseme.