Nimelitaja Jina la Mkwe Ubalozini

Karatu, Ijumaa, Julai 1984

Baridi. Ukungu uliteremka kutoka Ngorongoro alfajiri na haukuondoka mpaka saa nne, nguo nilizoanika jana zimelowa upya. Siku nyingine ningenung'unika. Leo sinung'uniki kitu. Leo nimekula ugali wangu wote, nikaongeza, nikafuta sahani kwa kidole kama mtoto.

Niandike yote sasa, maana tangu nirudi kutoka Dar es Salaam nimeshindwa kuandika hata mstari.

Viza tumeipata. Imegongwa ndani ya pasipoti yangu, na binti yangu Anna yumo humo humo: ruhusa ya miezi mitatu kuingia Ulaya na kutoka. Anna ana miaka sita na moyo wake una tundu. Akikimbia kidogo tu midomo inageuka rangi, anachuchumaa chini hapo hapo, anahema. Daktari wa hospitali ya misheni ndiye aliyewaandikia watu wa kwao huko Ulaya, wakakubali kumpasua bila malipo, na siku ya kumpasua wameshaipanga. Siku hiyo ikipita, zamu anapewa mgonjwa mwingine, naye daktari hakunificha. Alisema Anna hawezi kungoja zamu ya pili.

Kwa hiyo kila mtu hapa ananipongeza. Walimu wenzangu wamenipongeza, mchungaji amenipongeza, hata yule jirani yangu asiyenisalimia amekuja kunipongeza. Nami nilikuwa natabasamu huku naona aibu, kwa sababu ya namna nilivyoipata.

Nililitaja jina la baba mkwe.

Asiye wa kwetu atacheka. Sisi Wadatoga, mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba wa mumewe. Halitaji mbele yake wala nyuma yake, na mzee akifa bado halitaji. Hata maneno yanayofanana na jina hilo tunayakwepa, tumeyatafutia mengine, mpaka mgeni akitusikiliza wanawake wa boma moja anadhani tuna lugha yetu. Nimesoma, ni mwalimu wa darasa la pili, nafundisha sayansi ya jikoni na usafi wa mwili, na bado kuna mtoto darasani kwangu mwenye jina hilo hilo ambaye mimi namwita "wewe wa karibu na mlango". Ameshazoea. Nikimwita anaitika.

Kuandika naandika. Kalamu haina mdomo. Fomu zote za pasipoti na za ubalozi nilizijaza mwenyewe kwa mwandiko mzuri, jina langu, la mume wangu, na la baba yake mwishoni kama ukoo. Sikuona hatari yoyote mbele yangu. Mjinga mimi, nilidhani Wazungu mambo yao yote ni makaratasi.

Basi tukafika ubalozini. Tulipanga foleni tangu asubuhi, joto la Dar linatutoa jasho, Anna amelala kwenye benchi kichwa juu ya koti. Koti hilo nililinunua mnadani, zito, la sufu, na muuzaji alikuwa anapiga kelele "kafa Ulaya, kafa Ulaya" kama wanavyoziita nguo za mitumba. Nilimwambia anyamaze au sinunui. Mimi mtoto wangu namvalisha koti, simvalishi neno hilo.

Zamu yetu ilipofika, dirishani alikuwepo bwana mmoja wa makamo, Mtanzania, kwa lafudhi mtu wa pwani. Kati yetu kulikuwa na kioo kinene. Alizifungua karatasi zangu moja moja, akaziona nzuri, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainua macho.

"Jina lako kamili, mama?"

"Martha."

"Martha nani?"

Nikamwambia liko humo kwenye pasipoti, asome.

"Kusoma najua mama. Nataka nilisikie kwako."

Nikamtajia la baba yangu mzazi, kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli kwa hela ya zamani. Akatazama pasipoti, akanitazama mimi. Hapo ndipo nilipoiona sura yake inabadilika.

Simlaumu. Alisema wazi kwamba watu wanakuja na pasipoti za watu wengine, na kuna mmoja alimponza mpaka akaitwa na wakubwa wake. Na mimi pale nilikuwa nafanana kabisa na mwizi: mwanamke mwenye pasipoti, asiyejua jina lililomo. Nikamweleza. Nikamwambia kwetu mke hataji jina la mkwe, ni heshima, aulize mtu yeyote wa Mbulu au wa Ngorongoro. Nikamwambia nipe karatasi niliandike. Akasema kuandika kila mtu anaweza kunakili. Nikasema basi tumwamshe mtoto, yeye ni mjukuu, anaruhusiwa kulitaja. Akasema mtoto si shahidi.

"Mama yangu," akasema, na alisema kwa upole, ndicho kilichoniuma, "mila naziheshimu. Lakini mimi siwezi kupeleka ndani karatasi za mtu asiyejitambulisha. Rudi nyumbani, uje na mume wako wiki ijayo."

Wiki ijayo! Kutoka Karatu, na barabara ile, na mume dereva wa hoteli ya watalii kule juu kreta, likizo yake wanampa wanapotaka wao. Mpaka wampe, ndege itakuwa imeondoka na kitandani kwa Anna amelala mtoto wa watu wengine.

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa amelala mdomo wazi, midomo ile.

Nikalitaja.

Lilitoka dogo, limekauka. Bwana yule akaweka mkono sikioni. "Sijasikia mama, kioo hiki." Ee Mungu wangu. Nikalitaja mara ya pili. Nyuma yangu foleni inanung'unika, mtu mmoja anakohoa, bwana anatikisa kichwa, hajasikia bado. Basi hasira ikanipanda, sijui niliyemkasirikia, nikalipiga kwa sauti ya kuita watoto uwanjani. Mzungu mmoja akachungulia kutoka mlango wa ndani kuona nani wanagombana. Anna akaamka, akasema kwa furaha kabisa, "Mama, babu amekuja?"

Yule bwana akagonga kitu, akaandika kitu, akasema nirudi kesho kuchukua. Kesho yake viza ilikuwa tayari.

Safari ya kurudi sikusema na mtu. Nililia kuanzia Chalinze mpaka Korogwe, kisha nikachoka nikaacha. Anna alidhani nalilia basi linavyotikisika.

Mume wangu alikuja kutuona, nikamweleza. Akasema maneno ya busara, nakiri ni ya busara: "Usimwambie baba. Dar ni mbali, nani atamletea habari hiyo? Mpeleke mtoto akambariki, mwondoke salama. Ukirudi tutaona."

Nikakubali. Nikakaa na hilo neno tumboni, siku ikapita, na nyingine. Mzee mwenyewe hakuipenda safari hii tangu mwanzo. Alikubali kwa shingo upande, alisema tangu lini mtu akafunguliwa kifua akabaki mtu. Na bila baraka yake Anna haendi popote, si kwa sababu kuna atakayetuzuia njiani, ila mimi mwenyewe nisingeweza kumpandisha ndege. Sasa je, nipokee baraka kwa mtu niliyemvunjia heshima, na yeye hajui? Baraka ya namna hiyo ni ya wizi. Anna angeingia chini ya kisu na kitu cha wizi kwenye paji la uso.

Hapana. Mimi mwoga, lakini si kiasi hicho.

Kwa hiyo leo asubuhi, katika ukungu ule ule, nimempandisha Anna kwenye trekta la mtu anayeelekea Endamarariek, tukashuka karibu na boma la wakwe zangu. Anna akaenda moja kwa moja kwa babu yake zizini. Mimi nikaingia jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa anasukasuka kibuyu cha maziwa. Nilimsalimia, nikakaa, nikamwambia hapo hapo kabla ujasiri haujanitoroka. Nilimwambia yote, kioo na foleni na sauti.

Kibuyu kikasimama.

"Ulilitaja lote?"

"Lote, mama."

"Mara moja?"

"Mara tatu. Ya mwisho nilipiga kelele."

Akaweka kiganja mdomoni. Kisha akainuka, akafunga lubega yake vizuri, akatoka kwenda kwa mume wake. Nikabaki na moshi. Nilisikia sauti yake huko nje, ndogo, ndefu, halafu nikasikia kimya. Jamani, kimya kile! Niliwasikia ng'ombe wanacheua. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia daktari, kwamba hatuendi, atafute mtoto mwingine, na nikaona jinsi nitakavyolivua lile koti na kulirudisha mnadani.

Baba mkwe hazungumzi nami ana kwa ana, wala mimi simkazii macho. Akitaka nisikie jambo, humwambia mama karibu na ukuta, kwa sauti ya kutosha watu wawili. Nikasikia fimbo yake inakuja. Ikasimama nyuma ya ukuta wa jiko.

"Huyo mtu wa dirishani," akasema, "mwishowe alisikia vizuri?"

"Alisikia," mama akajibu. "Kila mtu alisikia."

Kisha akakohoa kidogo.

"Mwambie mama Anna, huko anakokwenda watamwuliza tena. Hawamjui mtu huko. Wakimwuliza huyu ni mtoto wa nani, asinong'one. Alitaje jina langu kwa sauti, wasije wakakosea wakampasua mtoto wa mtu mwingine, wakaniachia wangu na tundu lake."

Nililia. Sikujizuia wala sikutaka. Nililia na kamasi, juu ya sakafu ya jiko la mkwe wangu, mtu mzima, mwalimu wa watu. Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani tangu Dar kikatoka chote. Na nilimpenda mzee yule, sijawahi kumpenda namna ile. Kwa mila zetu ni mtu wa kumheshimu kwa mbali, na leo nilitamani nitoke nje nimshike mikono.

Mama mkwe akarudi ndani, akakaa, akashika kibuyu chake, akaendelea kusukasuka. Akaniinamia sikioni.

"Mkwe wangu mimi alishakufa na jina lake sijalitaja hata siku moja. Hebu niambie, mdomoni lina ladha gani?"

"Chungu, mama."

"Nilijua tu," akasema, na akacheka mpaka maziwa yakamwagika.

Baraka ilitolewa mchana, jua limeshatoka. Mzee alimpaka Anna siagi kwenye paji la uso na kifuani, hapo hapo kwenye moyo wenyewe, akamtemea maji kidogo ya kumpoza, akazungumza maneno mengi ambayo mimi nilikuwa mbali nisiyasikie yote. Nilisikia "nenda" na nilisikia "rudi". Anna hakuchezacheza hata kidogo. Baadaye alinipigia kelele njia nzima kwamba ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda ni wake, babu amesema, na hakuna mtu mwingine wa kumkamua.

Tunaondoka Jumatano. Hofu ya kisu bado ninayo na sitajidanganya. Usiku itarudi, najua, na kule kwenye baridi yao itakuwa kubwa zaidi. Lakini hofu hiyo naweza kuibeba, maana ni moja. Zilikuwa mbili.

Saa hii Anna anacheza na paka wa jirani, amekaa chini kama daktari alivyoagiza. Nilipokuwa nachochea uji wake muda si mrefu nilijaribu kulitamka lile jina, peke yangu, kwa sauti ndogo, angalau nijizoeze. Halikutoka. Nikajaribu tena. Likafika kwenye meno likarudi. Nimeishia kucheka peke yangu na mwiko mkononi.

Haidhuru. Huko hospitali watauliza huyu ni mtoto wa nani, nami nitasema mpaka wagonjwa wengine waamke. Mwenyewe ameniruhusu.