Haitulii Popote

3 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Kaka hajambo? Sisi wazima, pacha wanalia kwa zamu.

Nimeona tangazo la mkutano wa watafiti. Picha iliyopo imetoka kwenye filamu zangu. Miaka mitatu nimeinamia hadubini nikiifuatilia ile protini inayowasha jeni: inavyozurura ndani ya kiini cha seli, inadaka uzi wa DNA, inateleza kidogo, inaachia, inarukia kwingine, mpaka ipate mahali pake itulie. Nilipokwenda kujifungua nilikuachia wewe, msaidizi wangu, ufunguo wa maabara unitunzie seli. Leo kazi ina jina lako peke yako. Nauliza tu.

Wifi yako,
Mama Pacha

20 Machi

Mama Pacha,

Salamu zimefika. Sisi tu wazima, kaka yako kikohozi kimemwachia.

Usininunie. Wewe ulikuwa kwenye uzazi, na mkuu wa maabara alitaka kitu cha kupeleka. Sifa ikija kwangu si imekuja nyumbani? Sasa nisaidie. Filamu nimeitazama yote: protini inagusa na kuachia, inagusa na kuachia, haitulii popote. Nimeandika kwamba huo ndio ugunduzi. Una la kuongeza?

Mke wa kaka yako

28 Machi

Wifi,

Nimefurahi kikohozi kimepoa. Sisi hatujambo.

La kuongeza sina. Ulichokiona ndicho kilichomo. Kasimulie hivyohivyo, tena kwa sauti. Nitakuja kukusikiliza, mama atabaki na watoto.

Wifi yako,
Mama Pacha

19 Juni

Mama Pacha,

Hali sikuulizi. Nilikuona ukumbini, umenawiri.

Ulisubiri nimalize, watu wanapiga makofi, ndipo ukasimama kwa adabu zako zote: "Samahani, wifi. Hiyo ni protini nzima, au ni ile tuliyoikata sehemu ya kushikia DNA ili tupate cha kulinganisha?" Nikaanza kupekua karatasi zangu. Watu walicheka bila kuziba midomo. Nimesimamishwa kazi.

Kumbe ulijua tangu Machi. Kaka yako anasema ungeniita pembeni tu, ningefuta. Ulitaka nini hasa?

Mke wa kaka yako

2 Julai

Wifi,

Natumaini mna afya.

Nilitaka hicho ulichokipata. Uliponiandikia kwamba haitulii popote, nilijua umebeba filamu ya kiwete, ile iliyokatwa pa kushikia, nikacheka mpaka mshono wa upasuaji ukaniuma. Ya protini nzima, inayofika na kukaa, ninayo mimi, na mwezi ujao inatoka kwa jina langu. Unasema ungefuta. Kufuta nakuamini, jina langu ulilifuta bila kubakiza hata doa.

Jana kaka alikuja. Hakuketi. Alisema, "Kamwombe radhi mke wangu, au usinihesabu." Nikamwambia, "Kaka, aliyeiba ni nani?" Akasema, "Aliyeiba ni yeye. Aliyetuanika mbele za watu ni wewe." Pacha mmoja alikuwa amemshika kidole. Akakichomoa taratibu, akaondoka, na mama akamfuata mpaka barabarani.

Nimelia, sikufichi. Kisha nikanawa uso nikaenda kazini.

Radhi siombi.

Aliyekuwa wifi yako