Mashine ya Kupandia ya Mama

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. U hali gani huko, na shemeji na watoto je? Lile goti lako siku hizi linakuruhusu kupanda ngazi? Sisi tuko wazima wa mwili. Baba ametoka hospitalini, anatembea mwenyewe na anakula.

Mengine si mazuri, na nimeona nikueleze mimi kabla hujayasikia kwa shangazi, maana unajua mdomo wake hauna breki.

Unaikumbuka mashine ya kupandia, ile ya kukokotwa na trekta, iliyotutangulia kuzaliwa. Baba akiendesha mbele, marehemu mama akisimama kwenye ubao wa nyuma kuangalia mipira ya kupitishia mbegu. Kwa kelele za trekta hawakusikilizana, kwa hiyo mama alimfunga Baba kamba mkononi. Mpira ukiziba, anaivuta. Baba alikuwa akitamba kwamba yeye ni mume pekee anayeongozwa na mkewe kwa kamba, na bado mistari yake imenyooka.

Baba alipolazwa, daktari alituambia tujiandae. Mimi nikajiandaa kupita kiasi. Uwanja ulikuwa umejaa majani na nyoka, nikamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, akabeba plau, haro na mashine ya mama. Vijana wake waliikatakata kwa gesi palepale uani, na mimi nikawapa maji ya kunywa.

Siku chache baadaye Baba akarudi kwa miguu yake. Kabla hajaingia ndani akauliza mashine iko wapi. Nikasema imeibwa. Neno lilinitoka tu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilichukua mwezi mzima. Kila Jumamosi Baba alivaa viatu vyake vizuri, nikamzungusha kwa gari kwenye yadi za vyuma chakavu. Aliinama kwenye marundo, akageuza vipande, akawaeleza watu wasiomjua jinsi ilivyokuwa. Mimi nilisimama pembeni nimemshikia kofia. Niliona aibu, kaka.

Jana nilikuwa nawasha gari aliponishika mkono. Akasema bila kupandisha sauti, "Zima, mwanangu. Umenipeleka kote, isipokuwa pale ulipoiuza."

Nikaanza kulia. Akaongeza, "Kumbe nilipokuwa kitandani, wewe ulikuwa umeshanizika."

Njoo, kaka, ukipata ruhusa kazini. Usiniombee msamaha. Kaa naye tu, umpigishe soga, maana mimi nikivuta kiti karibu yake anafumba macho na kujifanya amelala.

Msalimie sana shemeji, na yule mdogo wenu mnayemwita Profesa. Shangazi anawasalimu na anauliza mbona hampigi simu. Mungu awalinde kazini na njiani, awajalie mje mmkute Baba.

Wako akupendaye,
mdogo wako.