Fungu Langu Unaloniwekea

Mesquite, Jumapili, Novemba 2005

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa, mama yangu wa kambini,

Jana kwenye simu uliniuliza kama nimekula, nikajibu ndiyo. Kisha ukasema, kama jambo dogo tu, kwamba fungu langu la chakula bado unalitenga. "Naliwekaka tu, Bahati. Asubuhi watoto ya jirani wanakula." Nikanyamaza. Ulidhani kadi yangu ya simu imeisha. Haikuwa imeisha.

Unakumbuka ulivyokuwa ukigawa bugali kule kambini? Kabla hatujanawa mikono ulimega tonge la Mama, ukaliweka kwenye kisahani cha bati na kulifunika. Mama tulipotezana naye njiani, siku tuliyokimbia, na hakuna aliyejua kama yu hai. Mimi nilikikodolea macho kile kisahani. "Weye, ondoa macho yako pale!" ukanitania. "Akifika na njaa, utamupa hiyo tumbo yako?" Ulisema mtu anayewekewa chakula hajapotea, nyumba bado inamhesabu.

Watu wa shirika la wakimbizi walipokuja kuchukua watoto wasio na wazazi wawalete huku ng'ambo, wewe ulikuwa umeshavuka umri. Nikaondoka peke yangu.

Jioni ya kwanza nyumbani kwa Bi Carol, mama aliyenipokea huku, nilikata kipande cha kuku, nikakifunga kwenye karatasi na kukificha chini ya kitanda. Fungu lako. Nikaendelea hivyo mpaka sisimizi wakanichongea. Bi Carol alipiga magoti, akachungulia, akalia. Alidhani naogopa njaa. Akanifungulia friji, akanionyesha mayai, maziwa, nyama, akisema polepole, "Chakula hapa hakiishi, mwanangu." Kisha akaniletea boksi zima la biskuti nikae nalo chumbani. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza kwamba mwenye njaa si mimi.

Kesho yake akanijazia sahani. Nikabakiza. Akajaza zaidi, nami nikabakiza. "Hupendi ninavyopika?" akauliza, uso umemnyong'onyea. Nilikuwa namuumiza mtu ambaye hakunikosea lolote. Basi siku moja nikala nikamaliza. Akapiga makofi. "Angalia! Sahani safi!" Akanikumbatia. Na mimi, Yaya, nilifurahi. Kuanzia hapo nikawa mtoto wa nyumba ile.

Unaijua tabia yangu ya kuandika kila kitu kwenye daftari, tarehe juu. Nimeandika mvua ya mawe iliyovunja kioo cha gari la Bi Carol, goli langu la kwanza shuleni, hata siku nilipomwita "Mom" bila kukusudia. Siku niliyoacha kukuwekea chakula sikuiandika. Sikuona kama ilikuwa siku.

Sasa Kiingereza ninacho, na bado sijamweleza. Nina chumba changu cha kupanga, nafanya kazi kwenye ghala, na vinavyoharibika kwenye friji natupa. Wewe huko kambini bado unamega kwenye posho ya unga isiyokutosha, kwa ajili ya mtu aliyeshiba.

Leo mchana nimejaribu. Nimesonga bugali, nikachemsha sombe, majani ya muhogo ya kopo, nikatenga fungu lako na kulifunika. Likapoa. Nikabaki nimesimama pale jikoni, sijui nilifanyeje. Hapa hakuna mtoto wa jirani atakayepita asubuhi. Mwishowe nimelila mwenyewe, kwa aibu, nimesimama vilevile.

Kwa hiyo nakuomba, usiniwekee tena. Tonge hilo kula wewe, lingali moto. Ndilo nililoshindwa kukuambia jana. Nimeona niliandike, maana kwenye simu ungenicheka, ukageuza maneno, na usiku ule ule ungeliweka.

Lakini naogopa, Yaya. Naogopa barua hii itakufikia, utaisoma mpaka mwisho, na utakubali.

Mdogo wako wa kufuatana,
Bahati