Glasi Tatu za Bitiruti

Sofia, 12 Novemba 1983

Babu Stoimen,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio unaumwa. Nimeanguka mtihani wa baiolojia. Profesa aliuliza kwa nini kabichi ikitiwa chumvi hulegea. Nikajibu ulivyonifundisha penye pipa lako la kabichi: chumvi inaingia ndani ya jani, inayafukuza maji. Walicheka wote. Nimebakiwa na nafasi moja, Januari. Nikianguka tena, nafukuzwa chuo.

Mjukuu wako, Ralitsa

Gorna Slatina, 20 Novemba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Huyo profesa wako ameshatia chumvi kabichi ngapi? Mimi mwaka wa hamsini na moja huu nafungua bomba la pipa, natoa maji chini nayarudisha juu, na kijiji kizima kinakuja kuniomba kabichi. Hata jirani Gancho, asiyenisalimia! Chumvi inaingia. Mwambie nimesema mimi.

Babu yako

Sofia, 1 Desemba

Babu,

Shikamoo, natumaini hujambo. Nimwambie vipi na maksi anatoa yeye? Anasema kila seli ina utando, ngozi nyembamba ya mafuta. Maji yanapita, chumvi inazuiwa. Ukibisha, Babu, kata bitiruti ujaribu mwenyewe.

Ralitsa wako

Gorna Slatina, 3 Januari 1984

Ralitsa,

Mimi mzima. Nimechelewa kwa sababu ya kazi, sikushindwa na mtu. Nilikata vipande vya bitiruti, nikaviosha mpaka vikaacha kutoa rangi, nikaweka glasi tatu: maji matupu, maji ya chumvi, na rakia, pombe yangu kali ya matunda. Iliniuma, lakini nikamimina.

Mchana kipande cha maji matupu kiko kigumu, cha chumvi kimelegea kama soksi, na maji yake meupe! Kama chumvi ingevamia ndani, wekundu nao ungefukuzwa. Haukutoka. Yametoka maji peke yake, chumvi iko nje inayavuta. Ila glasi ya rakia imekuwa damu tupu. Pombe imeuharibu ule utando wa mafuta, kila kitu kinajitokea.

Nikamwita Gancho aone. Akasema, "Stoimen, miaka yote hiyo umetudanganya!" Nikamjibu, "Na mliila yote, mzee."

Kaseme hivyo. Useme aliyekosea ni babu, si wewe.

Babu yako

Sofia, 29 Januari

Babu yangu,

Shikamoo sana! Swali lilikuwa lile lile. Nikamweleza profesa glasi zako. Akanibana: "Na seli ikiitaka chumvi?" Nikasema utando una milango ya protini, inafunguka na kufungwa. Akaniandikia tano kati ya sita.

Sikusema aliyekosea ni nani. Nilisema aliyepima ni babu yangu. Safari hii hakucheka mtu.

Nabaki chuoni.

Mjukuu wako, Ralitsa