Fimbo Uliyokwenda Nayo Uganda

Baba yangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye majani, mgongo nimeuegemeza kwenye nguzo ya fensi, hapa shambani Rongai tulipokuacha. Nilishuka stesheni asubuhi nikaja polepole, nikipumzika kwa kusimama tu, maana njia hii haina pa kukaa. Kambi yetu haipo tena. Palipokuwa na nyumba zetu pamepandwa maua ya pareto. Nyapara niliyemkuta ni kijana mgeni, na aliponiuliza namtafuta nani nikamtajia jina lako. Alifikiri kidogo, akasema hamjui mtu huyo, labda nijaribu shamba la jirani. Ilibidi nimwonyeshe kwa kidole kale katuta ka udongo kando ya fensi.

Unakumbuka wiki ile kabla hujasafiri? Bwana mwenye shamba alikuwa ametangaza kwamba ng'ombe wetu waondoke na vipande vyetu vya mahindi vilimwe ngano yake. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa na askari wa serikali kwenye malori, milango ya nyumba zao ikawa inabamizwa na upepo usiku kucha. Wewe na rafiki yako Yohana mkasikia kwamba Uganda, upande wa Bunyoro, machifu wanawapa wageni ardhi. Mkakubaliana mwende kwanza mkatazame, mtafute nyumba na shule za watoto, ndipo mrudi kutuchukua.

Mimi nilikuwa nimeshajitoa katika habari hiyo ya shule. Tangu homa ile inikaushe mguu, nilisoma pale shambani kwa sababu tu darasa lilikuwa nyuma ya ghala. Kumbe wewe hukuwa umenitoa. Wiki nzima ulinisindikiza asubuhi kabla ya kwenda kwenye trekta yako. Mtu ambaye mama alilazimika kukimbia nyuma yake kila wakienda sokoni, leo anajikongoja kando yangu. Nikadhani unanionea huruma. Nikakasirika, nikaanza kuharakisha.

"Wacha kukimbia, mama," uliniambia. Uliniita hivyo siku zote, kwa kuwa nilipewa jina la mama yako. "Mimi nataka kujua mwendo yako. Mguu yako ndiyo itachagua shamba, si macho yangu."

Halafu ukaichukua fimbo yangu. Hilo sikukusamehe upesi. Ulisema bila hiyo utajisahau huko ugenini uanze kutembea kama wewe. Nikabaki nyumbani nikishikilia kuta, nimenuna, na mama akilalamika kwamba afadhali ungebeba sufuria yake.

Ulirudi umekonda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Jioni hiyo ulituchekesha sana pale jikoni. Fimbo ilikuwa fupi kwako, ikakulazimisha kuinama, na watu wa kule wakakupisha njia kwa heshima. Mama mmoja alikukalisha akakupa uji, akamwagiza Yohana akutunze vizuri. Shule ya kwanza ilikuwa na mabati mapya lakini ilikuwa juu ya kilima; ulifika katikati ya mteremko ukageuka. Ya pili, mwalimu alisema msichana mwenye mguu mbovu anafaa kumsaidia mama yake jikoni. Maji aliyokukaribisha hukuyanywa. Ya tatu ilikuwa ya udongo na nyasi, mwalimu wake mwanamke, na yeye aliuliza jina langu tu, akaahidi kuniwekea nafasi.

Hapo ndipo ukaanza kutafuta nyumba, ukianzia kwenye mlango wa darasa. Yohana alikuwa amepata ardhi nyeusi kando ya mto, ya kutosha familia mbili. Ulitembea kutoka huko hadi shuleni na fimbo yangu, ukaona ni mbali, ukaiacha ardhi hiyo. Ukachukua kibanda cha zamani karibu zaidi na shule, kwenye mteremko mpole wa mawe ambao wenyeji wenyewe walikuwa wameukataa.

Mama akauliza kama ulipanda gari la moshi mpaka Uganda ili utuchagulie mawe.

"Mawe pia iko na kazi," ulisema. Ukanigeukia. "Nimekuwekea viti huko njiani." Tukacheka sote. Nilijua ni utani wako.

Haukupita muda mvua ikakukuta kwenye ngano na kichomi kikakushika. Tulikuzika hapa kwa ruhusa ya mwenye shamba, mahali ambapo si petu, na mama akasema tutakwenda vilevile, kwa kuwa ulikwisha kutupangia.

Asubuhi yangu ya kwanza ya shule huko nilitoka peke yangu. Mguu ulipoanza kuwaka moto, pale pale, chini ya mti, palikuwa na jiwe bapa lililosimikwa vizuri kwenye udongo. Nikakaa. Mbele tena, mguu ulipoanza, jiwe. Nilipofika la tatu nilishindwa kuinuka, nikalia mpaka yule mama wa uji akatoka nyumbani kwake. Aliniambia mawe hayo yaliletwa na kiwete mmoja wa Kenya, mtu wa ajabu, aliyechechemea asubuhi na jioni akarudi amenyooka wima, jiwe begani. Nikamwambia ni baba yangu. Akataka kujua kama ulipona kabisa.

Nimevikalia viti hivyo mpaka nikamaliza shule, baba. Mwezi ujao ninaanza kufundisha watoto wa darasa la kwanza, pale pale.

Lakini nyumbani nimekuwa mpweke, na sina mwingine wa kumwambia. Ardhi ile haizai. Watoto wa Yohana wanauza pamba, ndugu zangu wanavunja majembe kwenye mawe. Hawanisemi. Wanazungumza habari za mto ule na udongo wake mweusi, nikiingia wanageuza maneno, mmoja ananisogezea kigoda. Mama amezeeka na mikono yake imepasuka. Kila mtu pale anajua tuko kwenye mawe kwa sababu ya nani. Najua pia, na mara nyingine nikiandaliwa ugali wao nasema nimeshiba. Ungekuwepo ungewachekesha, ukawaambia neno, wakasahau kwa jioni moja. Mimi sina neno hilo. Kwa hiyo nimesafiri kuja kwa mtu pekee ambaye mwendo wangu haukumchosha.

Jua linashuka na gari la moshi halitanisubiri, lazima nianze mapema. Siku hizi natumia fimbo ndefu. Ile fupi nimekuja nayo, na nimeichomeka hapa kichwani pako, kwenye udongo, niliposhindwa kukuwekea jina.

Ichukue tena, baba. Huko ulikotangulia kututafutia, usijisahau ukaanza kutembea kama wewe. Unajua mwendo wangu.

Ni mimi,
binti uliyemwita mama.